Chiang, Liu au Okorafor: uanze na nani katika hadithi fupi za kisayansi?

Ukiwa na pesa ya kitabu kimoja tu, na unataka hadithi fupi za kisayansi za mwandishi mmoja badala ya ile mikusanyiko ya waandishi ishirini ishirini, kuna majina matatu utakayotajiwa mapema: Ted Chiang na Stories of Your Life and Others (2002), Ken Liu na The Paper Menagerie and Other Stories (2016), na Nnedi Okorafor na Kabu Kabu (2013). Kila mmoja ni mkusanyiko wa kwanza wa mwandishi wake. Wote watatu ni Wamarekani wenye asili ya kwingine: Chiang ni mtoto wa wahamiaji wa Kichina, Liu alizaliwa Lanzhou, China, akahamia Marekani akiwa na miaka 11, na wazazi wa Okorafor ni Waigbo wa Nigeria. Zaidi ya hapo hawafanani, na anayempenda mmoja anaweza kabisa kumtupa mwenzake akifika ukurasa wa 30.

Niseme mapema ninaposimama. Kitabu bora ni cha Chiang. Kitabu cha kumwazima rafiki ambaye hajawahi kusoma hadithi za aina hii ni cha Liu. Cha Okorafor nakipenda kwa hadithi tatu nne, zilizobaki nazivumilia. Sababu zinafuata, na huenda ukiishazisoma utachagua tofauti na mimi.

Kwanza tuondoe tatizo la hilo neno “kwanza”. Kwa Chiang ni kweli kabisa: hakuwa na kitabu kingine chochote. Alisomea sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Brown, akapitia warsha ya waandishi ya Clarion mwaka 1989, kisha akafanya kazi ya kuandika miongozo ya programu za kompyuta huku hadithi zake zikitoka moja moja, kwa mwendo wa mtu asiye na deni la mtu. Hadithi yake ya kwanza kuchapishwa, “Tower of Babylon”, ilitoka katika jarida la Omni mwaka 1990 na ikachukua tuzo ya Nebula, mojawapo ya tuzo kubwa za hadithi za aina hii. Miaka 12 baadaye alikuwa na hadithi 8 tu, na hizo ndizo kitabu kizima. Liu, kwa upande wake, alipofika kwenye mkusanyiko alikuwa ameshachapisha hadithi zaidi ya mia moja, riwaya moja nene, na tafsiri ya Kiingereza ya The Three-Body Problem, riwaya ya Mchina Liu Cixin, iliyopata mwaka 2015 tuzo ya Hugo, nyingine kubwa ya fani hii. Kwa hiyo hadithi 15 zilizomo ni zilizochujwa. Okorafor naye alikuwa na riwaya kadhaa, mojawapo Who Fears Death iliyoshinda tuzo ya World Fantasy, na Kabu Kabu yake ni kama stoo iliyofunguliwa: hadithi 21, nyingine kamili, nyingine ni vipande vya riwaya zake au mbegu za riwaya zilizokuja baadaye.

Hili lina maana kwa mnunuzi. Kwa Chiang huna pa kuruka. Kwa Liu utaruka mbili tatu bila hasara. Kwa Okorafor utachagua, na wala usijisikie vibaya.

Chiang: mtu asiyeachia wazo njiani

Namna ya kumwelewa Chiang ni kuiangalia hiyo “Tower of Babylon”. Anachukua Mnara wa Babeli tuujuao sote na kuuliza maswali ya fundi ujenzi. Mnara ukiwa mrefu kiasi cha kugusa mbingu, tofali linafikaje juu? Jibu lake: mtu asiye na mzigo anapanda kwa mwezi mmoja na nusu, lakini tofali likipakiwa kwenye mkokoteni leo litafika kileleni baada ya miezi minne. Basi lazima kuwe na watu wanaoishi humo katikati, wenye ndoa na watoto, wanaolima mboga vibarazani. Ukizidi kupanda unalipita jua lenyewe. Mwanga sasa unatoka chini, na mboga zinainama kwa kuelekea chini kuutafuta. Hillalum, mchimba migodi kutoka Elamu aliyeitwa kwenda kutoboa dari ya mbingu, anaviona vyote hivi akiwa anavuta mkokoteni wake, jasho likimtoka. Hakuna roboti, hakuna chombo cha angani, na bado ni hadithi ya kisayansi hasa, kwa kuwa ulimwengu ule una kanuni zake na mwandishi hazivunji hata mara moja.

“Story of Your Life” ndiyo iliyomtoa Chiang kwa umma mpana, kwa sababu ya filamu ya Arrival ya mwaka 2016. Ukiwa umeiona filamu, usidhani umeshaisoma hadithi. Ile presha ya majeshi na mabomu karibu yote haimo. Kilichomo ni Louise Banks, mtaalamu wa lugha, akikaa mbele ya kioo kikubwa na viumbe wenye viungo saba, akijifunza lugha yao ya kusema, kisha maandishi yao ambayo hayafuati lugha yao ya kusema hata kidogo. Katikati ya hadithi kuna mchoro mdogo wa mwale wa mwanga unaoingia majini na kupinda. Mwanafizikia anaeleza kwamba kati ya njia zote mwanga huchukua ile yenye muda mfupi kuliko zote, na swali linalomganda Louise ni hili: mwanga utajuaje njia fupi kabla ya kujua unakokwenda? Kutoka hapo hadithi inageuka, na unagundua kwa nini tangu ukurasa wa kwanza mama huyu anamsimulia binti yake mambo ambayo hayajatokea kana kwamba anayakumbuka. Wapo wasiopenda fizikia ndani ya hadithi. Hao nawaambia wavumilie kurasa mbili tatu tu.

Halafu kuna “Hell Is the Absence of God”, na hapa nitakaa kidogo, maana kwa msomaji wa kwetu, Mkristo au Mwislamu, ndiyo inayoweza kuamua kama utakipenda kitabu au utakifunga. Katika ulimwengu huo malaika hushuka hadharani. Wakishuka kuna wanaoponywa maradhi, na kuna wanaokufa kwa vioo na vifusi vinavyoruka, na takwimu za pande zote mbili hutangazwa kama za ajali ya barabarani. Jehanamu huonekana mara kwa mara chini ya miguu, ardhi ikiwa kama kioo, na waliomo hawaonekani wakiteswa, wametengwa na Mungu tu. Neil Fisk anafiwa na mkewe katika ujio wa malaika mmoja. Mke amekwenda mbinguni, watu wameona. Neil hampendi Mungu, na sasa lazima ampende, la sivyo hatamwona mkewe tena. Atampendaje kwa kutaka kitu kingine?

Katika maelezo yaliyo nyuma ya kitabu (Chiang ameweka maelezo mafupi kwa kila hadithi, na yanastahili kusomwa) anasema kisa cha Ayubu hakimridhishi kwa kuwa mwisho wake Ayubu anarudishiwa alivyopoteza. Hadithi yake ni Ayubu asiyerudishiwa. Si dhihaka kwa dini. Mimi naiona ina heshima kuliko mahubiri mengi niliyowahi kuyasikiliza. Lakini mwisho wake ni mkali, na kama uko katika msiba, iache kwanza.

Zilizobaki nitazipitia haraka. “Understand” inasimulia mtu aliyedungwa dawa akawa na akili kupita kiasi. Ni ya kusisimua, na umri wake umeanza kuonekana. “Division by Zero” inahusu mwanahisabati aliyethibitisha kwamba hesabu yenyewe ina kasoro, na ndoa yake inaporomoka sambamba na hesabu. “Seventy-Two Letters” inatupeleka Uingereza ambako vinyago vya udongo huendeshwa kwa majina yaliyoandikwa kwenye karatasi, na mafundi wanagoma wakihofia ajira zao. “The Evolution of Human Science” ni fupi sana, ilitoka kwanza katika jarida la Nature, ukikohoa imekwisha. Ya mwisho nitairudia.

Lawama anayotupiwa Chiang ni kwamba ana ubaridi. Ni kweli wahusika wake hawachekeshi, na hutakumbuka wanavaa nini wala wanakula nini. Ukitaka kitabu cha kusoma huku umesimama kwenye daladala, umekosea mlango.

Liu: anayekushika kwa mama

Hadithi iliyokipa kitabu cha Liu jina lake ilitoka mwaka 2011 na ikawa ya kwanza kushinda Hugo, Nebula na World Fantasy kwa pamoja. Ni fupi. Mtoto anaitwa Jack, baba Mmarekani, mama Mchina aliyepatikana kwa kuchaguliwa kwenye katalogi ya wachumba. Mama anachukua karatasi iliyofungia zawadi za Krismasi, anaikunja kuwa chui milia, anaipulizia pumzi, na chui anaamka. Kisha wanafuata wanyama wengine. Nyati anataka kugaagaa kwenye kibakuli cha mchuzi wa soya na miguu inalowa. Papa wa karatasi hawezi kukaa majini, basi mama anamtengenezea mwingine wa karatasi ya bati, anaogelea bakulini pamoja na samaki. Hayo madogo ndiyo yanayofanya kazi. Mtoto akikua anaona aibu. Anataka mama aseme Kiingereza, na wanyama wanafungiwa kwenye sanduku. Yanayofuata unaweza kuyakisia, na utalia hata baada ya kuyakisia. Anayeishi ughaibuni na watoto wanaojibu kwa lugha nyingine kila akiwasemesha kwa Kiswahili, asiisome mbele za watu.

Ubora wa Liu uko hapo, na udhaifu wake uko hapohapo. Anajua kamba ya kuvuta. Ukisoma hadithi nne mfululizo unaanza kuuona mkono wake ukiinyoosha kamba kabla machozi hayajafika. Ndiyo maana kitabu hiki ningeshauri kisomwe hadithi moja leo, nyingine wiki ijayo.

Kina upana ambao Chiang hana. “Good Hunting” inaanza kama ngano ya mwindaji na mbweha anayegeuka mwanamke, halafu reli ya Waingereza inaingia, uchawi unakauka, na mbweha anahitaji mwili wa chuma (imo pia katika mfululizo wa katuni wa Love, Death & Robots wa mwaka 2019, kama jina linakujia akilini). “Mono no Aware”, iliyopata Hugo mwaka 2013, ni kijana wa Kijapani kwenye chombo chenye tanga la kusukumwa na mwanga wa jua, Dunia ikiwa imeshaharibiwa. “The Regular” ni hadithi ya upelelezi Boston. “All the Flavors” inahusu wachimba dhahabu wa Kichina huko Idaho katika karne ya 19. Nzuri, ndefu, na haina sayansi hata ya kulamba. “The Perfect Match”, ya kampuni inayokuchagulia kila kitu mpaka mchumba, ilikuwa na makali yake, lakini inahubiri.

Mahali pazuri pa kuwapima

Bahati nzuri vitabu hivi viwili vinafungwa kwa hadithi zenye umbo moja: zote mbili zimeandikwa kama filamu ya kumbukumbu, watu mbalimbali wakitoa ushuhuda mbele ya kamera. Wala si ajali. Liu mwenyewe ameandika kwamba wazo la umbo hilo alilipata kwa kusoma ile ya Chiang. Hivyo unaweza kuziweka sambamba kabisa.

Ya Chiang, “Liking What You See”, inahusu kifaa kinachozima uwezo wa ubongo wa kuona uzuri wa sura. Sura unaiona, unamtambua mtu, ila mzuri na wa kawaida wanakuwa sawa. Wanafunzi wa chuo wanapiga kura: kiwe lazima kwa wote au la? Kila anayesema ana hoja. Mpingaji ana hoja, mtetezi ana hoja, na binti aliyelelewa nacho akakizima anasema jambo ambalo pande zote hazikulitarajia. Ukimaliza hujui mwandishi angepiga kura upande gani. Cha ajabu, Chiang alikataa hadithi hii isishindanishwe kwenye Hugo mwaka 2003 kwa kuona aliharakishwa na haikutoka alivyotaka. Mimi ningejivunia.

Ya Liu, “The Man Who Ended History”, inahusu Kikosi 731, kituo cha jeshi la Japani karibu na Harbin kilichofanyia majaribio binadamu hai wakati wa vita. Imegunduliwa njia ya kumpeleka mtu kuyashuhudia yaliyopita, lakini kila dakika inaweza kuonwa mara moja tu, kisha inafutika. Je, upeleke mwanahistoria atakayeandika, au ndugu wa marehemu anayetaka tu kuaga? Serikali zinabishana, wapita njia wanahojiwa, wanaokana wanapewa nafasi. Umbo ni la haki kwa wote, ila moyo wa mwandishi umeshaamua, na hafichi. Wala sidhani alipaswa kuficha. Kuna kurasa humo ngumu kumeza, za mateso yaliyotokea kweli, kwa hiyo mtoto wa sekondari asipewe bila kuonywa.

Ukitaka hakimu, nenda kwa Chiang. Ukitaka shahidi, Liu.

Okorafor: nyumbani zaidi, lakini kwa kuchagua

Kabu kabu Nigeria ni kile ambacho Dar tunakiita teksi bubu, na hadithi yenye jina hilo inamweka mwanamke anayewahi ndege Chicago ndani ya mojawapo, kisha safari inakwenda isikotarajiwa. Kitabu kina dibaji ya Whoopi Goldberg. Humo kuna Kiingereza cha Naija, vumbi la harmattan (upepo mkavu kutoka Sahara), shangazi, bomba la mafuta. Msomaji wa Afrika Mashariki haelezwi umeme kukatika ni nini.

Hadithi inayostahili bei ya kitabu kizima ni “Spider the Artist”. Delta ya Niger, bomba la mafuta linapita nyuma ya nyumba, na serikali imeweka roboti wa miguu minane kulilinda dhidi ya wanaotoboa. Wanaua. Mwanamke anayepigwa na mumewe hutoka usiku kukaa karibu na bomba na gitaa la baba yake, na roboti mmoja anaanza kuja kusikiliza. Wakati huu ambapo bomba la kilomita 1,443 linatoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, sioni hadithi nyingine katika vitabu hivi vitatu inayotugusa karibu hivi. “The Popular Mechanic” nayo iko upande huohuo wa mafuta na mwili wa binadamu. “Moom!”, ya samaki mwenye upanga anayelishambulia bomba baharini, ni kurasa chache tu na baadaye ikawa mwanzo wa riwaya yake Lagoon.

Lakini kuna hadithi zinazoisha pale ulipodhani ndipo zinaanza. Zile za watu wenye uwezo wa kuruka angani zinamnufaisha zaidi aliyesoma riwaya zake. Na mpaka kati ya sayansi na uganga haupo, kwa makusudi. Kama utakasirika roboti na mizimu wakila sahani moja, umeshaonywa.

Mambo ya mkononi

Kiingereza cha Chiang na Liu ni chepesi, aliyemaliza kidato cha nne vizuri atakwenda nacho. Ugumu wa Chiang uko kwenye fikra, si kwenye maneno. Kitabu cha Liu ndicho kinene kuliko cha Chiang, karibu kurasa 450. Cha Chiang kimewahi pia kuuzwa kwa jina la Arrival ili kuendana na filamu. Ni kilekile, usinunue mara mbili.

Kabla hujatoa pesa, onja. Jarida la mtandaoni la Lightspeed liliwahi kuweka bure “Mono no Aware” ya Liu na “Spider the Artist” ya Okorafor. Zisome zote mbili jioni moja, utajua upande wako.

Ukimchukua Liu, usianze ukurasa wa kwanza. Anza na hadithi ya wanyama wa karatasi, kisha “Good Hunting”, kisha “Mono no Aware”, halafu zungukazunguka, na ile ya Kikosi 731 iwe ya mwisho kama alivyoipanga. Chiang msome kwa mpangilio wake, hadithi moja kwa siku na si zaidi, na maelezo ya nyuma uyafungue baada ya kila hadithi. Wala usimmalize haraka: mkusanyiko wake wa pili, Exhalation, ulitoka mwaka 2019, miaka 17 baada ya huu, na una hadithi 9 tu.